Panya Walipita Juu ya Waya

Kithimani,
Jumamosi alasiri

Mumbua,

Barua huanza na salamu na habari za afya. Lakini sisi tumelala nyumba moja jana, tumekunywa chai ya birika moja leo asubuhi, na afya yangu unaijua: ni goti la kushoto na huu mdomo. Kwa hivyo tuyaruke hayo. Umeenda sokoni kusukwa nywele, na Mama Kioko akishika kichwa cha mtu haachilii mpaka jua lishuke. Baba yako ameenda kunyolewa, na huko wanaongea siasa kuliko kunyoa. Niko na masaa matatu hivi. Nimeketi mlangoni pa ghala, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na nikisikia hatua za mtu nitaifunika na kunde.

Sitakuambia ubebe sweta. Baridi ya asubuhi ya Athi River utaisikia mwenyewe. Sitakuambia ufunge mlango, wala usicheke na kila mtu, wala uende kanisani. Hayo wataongea wengine kesho, na watayaongea mpaka chai ipoe. Mimi niko na neno moja tu, na nimelikalia miaka kumi na miwili. Ningelikalia mpaka nizikwe nalo, maana nilikuwa nimeshazoea. Ila juzi jioni ulisema kitu.

Tulikuwa jikoni. Nilikuwa nakuambia kwamba shangazi yako Syokau, yule dada ya baba yako utakayekaa kwake ukianza kazi ya kushona pale EPZ, kwenye viwanda vya nguo, ametuma habari kwa simu ya jirani. Ati amekubali kukuweka, ila chumba chake atakitia kufuli na kabati atalitia kufuli, na wewe usione vibaya. Nilikuambia hivyo vile mtu anavyokuambia bei ya nyanya. Wewe ukaendelea kuchambua kunde. Halafu ukasema, bila kuniangalia, "Mama, mwambie shangazi niliacha zamani."

Uliacha nini, Mumbua?

Nilikutazama uso nione kama unanitega. Wewe si mtu wa kutega watu, hiyo ni tabia yangu. Ulikuwa unasema kweli yako. Umekua ukijua kwamba ukiwa na miaka minane ulikuwa mwizi, kwamba mama yako alikutibu, na kwamba ulipona. Ukawa unaomba radhi kwa mambo ya mtoto mdogo, polepole, huku ukitupa majani mabovu kando. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni. Kuni zilikuwa zimejaa jikoni, na uliziona.

Hukuiba. Hilo ndilo neno. Hukuiba malenge, hukuiba viazi vitamu, hukuiba hata mbegu moja ya ghala langu. Walikuwa panya. Na mimi nilijua kabla kidonda chako hakijakauka.

Sasa wacha nikueleze vizuri, maana ulikuwa mdogo, na mengi unayoyajua kuhusu mwaka ule ni yale niliyokuambia mimi.

Mvua ilikuwa imekataa. Mahindi yalifika magotini yakakauka yamesimama. Kitu pekee tulichopata kilitoka shamba la chini, kando ya mfereji, ambako tulikuwa bado tunapewa zamu ya maji mara moja kwa wiki. Nilivuna malenge, viazi vitamu na vitunguu, na majani ya kunde nikayakausha. Baba yako alikuwa machimbo ya mawe huko Lukenya, tunamwona mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa watatu, mimi na wewe na Mutua, ambaye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Chakula chetu chote mpaka mvua nyingine kilikuwa ndani ya ghala hili ambalo nimeliegemea sasa hivi.

Na mimi nilijivunia ghala langu. Wanawake walikuwa wakija kuliangalia, na mimi najifanya sijui kwa nini wamekuja. Baba yako alisimamisha nguzo sita za mti usioliwa na mchwa, zinafika kiunoni. Kila nguzo niliivalisha kola ya bati niliyoikata kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, imetanuka chini kama sketi. Panya akipanda anafika pale, anateleza, anaanguka. Sikuruhusu kitu kuegemea ukuta, si jembe, si ngazi, si mti wa kuni. Nyasi nilifyeka pande zote. Ndani, malenge niliyapanga kwenye rafu, kila moja na kikonyo chake, bila kugusana, maana moja likioza linaambukiza jirani. Viazi vitamu nilivifukia kwenye sanduku la mchanga mkavu uliochanganywa na jivu. Vitunguu nilivisuka nikavining'iniza. Mama Kioko alizunguka akitafuta makosa, akakosa. Akaniambia, "Hapa panya atahitaji mabawa." Mimi nikacheka, na nikamwamini.

Sasa sikia ujinga. Nguo za mtoto mchanga hazina mwisho, na nilipokuwa naanika juu ya ua, mbuzi walikuwa wakizitafuna. Baba yako akaleta waya mzito kutoka machimboni. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikaufunga upande mmoja kwenye boriti ya nyumba, juu ya dirisha la chumba chako, na upande wa pili kwenye boriti ya ghala, chini kidogo ya mabati. Hapo ndipo palipopata jua la asubuhi kwa urefu wa kutosha. Nilizuia nguzo sita kwa bati, kisha nikawapa panya njia ya hewani. Na kila Jumamosi nilikuwa naupangusa kwa kitambaa, usichafue nguo zenu.

Kila mwenye shamba hapa Yatta anajua kuvalisha nguzo bati. Macho yetu yote yalikuwa chini.

Haukupita muda nikainua malenge moja nikaona ni jepesi. Kwa mbele lilikuwa zima, linang'aa. Nikaligeuza. Nyuma, upande wa ukuta, kulikuwa na shimo, na ndani hakuna kitu, mbegu zimeisha na nyama imekwanguliwa. Nikasema moyoni kwamba shimo hili ni la ngumi ya mtoto. Neno hilo likaingia likakaa. Nikageuza la pili, nikageuza la tatu. Nikachimbua mchanga wa viazi nikaona vimepungua. Sikuona mavi ya panya. Yalikuwako, Mumbua. Baadaye niliyaona yamejaa nyuma ya rafu, lakini siku ile sikuwa natafuta panya.

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na wewe nilikuwa nakutuma ghalani mara kwa mara ukaniletee kitunguu. Nikaenda chumbani kwako nikavuta kitanda. Chini, kando ya ukuta, kulikuwa na maganda ya mbegu za malenge, mengi, na vipande vya maganda ya viazi. Mtoto akila mbegu huzibana kwa meno ya pembeni, anatema ganda vipande viwili. Yale yalikuwa yametafunwa pembeni, kidogo kidogo, kwa meno madogo. Ningeinama nikaokota moja, ningejua. Sikuinama. Ghorofa ya panya ilikuwa juu ya kichwa changu, kati ya mabati na dari ya magunia, na uchafu wao ulikuwa unaanguka kwa ukuta mpaka chini ya kitanda chako. Mimi nikakaa kwenye kitanda hicho nikakungoja utoke shule.

Nilikuuliza, "Nani anakula malenge ya ghalani?"

"Sijui, mama. Labda panya."

"Panya gani anapanda bati?"

"Sijui."

"Na haya ni nini chini ya kitanda chako?"

Uliyaangalia maganda, ukaniangalia mimi, ukanyamaza. Mtoto wa miaka minane ataeleza nini kuhusu kitu asichokijua? Lakini nilichukua kule kunyamaza kuwa jibu.

Unajua vile kwetu mtoto mwizi anavyofanywa. Si kila nyumba, lakini nyumba ikifanya hivyo hakuna jirani atakayekuja kuuliza. Susu yako, mama yangu, alinichoma mimi kidole kwa sababu ya sukari. Na mimi niliiba kweli. Nililamba, nikachomwa ncha ya kidole kidogo tu, nikalia, nikaacha. Nikakua nikijua hiyo ni dawa, na kwamba mama asiyeitumia ni mvivu.

Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini usinipe hasira kama kisingizio, wala usiruhusu mtu anipe. Kwanza nilimfunga Mutua mgongoni vizuri, nikakaza leso, ili nisimwangushe. Kisha nikasogeza sufuria kando. Mtu aliyepandwa na hasira hafanyi mambo kwa mpangilio hivyo. Ndipo nikashika mkono wako wa kulia nikaupeleka kwenye makaa, nikakuambia nitahesabu mpaka tatu. Ulisema si wewe. Nikahesabu tena. Ukaanza kuniita mwaitu badala ya mama, vile ulivyokuwa ukiniita ukiwa mdogo kabisa, na mimi nikakuambia usiniite hivyo. Mara ya tatu ukasema, "Ni mimi."

Nikakuachilia hapo hapo. Kwa hivyo siku ile ulijifunza mambo mawili kwangu, kwamba ukweli hauzimi moto, na kwamba uongo unauzima. Nimekuona ukiitumia elimu hiyo mpaka leo. Mtu akikukunjia uso tu, unasema pole, hata kama ni yeye amekukanyaga.

Dispensari nilikupeleka siku ya nne, kidonda kilipoanza kunuka. Kabla hatujafika nilikuambia utasema umeungua na uji. Nesi akauliza, ukasema uji. Kidole cha kati na cha pete vikapona vimejikunja, na ndivyo vilivyo.

Nami nilitangaza. Nilimwambia baba yako alipokuja, naye akaniambia mambo ya watoto wa kike ni yangu. Nilimwambia mwalimu wako akuangalie. Niliwaambia wanawake wa kikundi cha kanisa, tukiwa tumekaa kwa majani baada ya ibada, na Mama Kioko akasema, "Hapo umelea." Nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Lakini ghala liliendelea kupungua. Nikaanza kuvaa ufunguo shingoni, hata nikilala, na bado likapungua. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilisema umetafuta njia nyingine. Nilikulaza bila chakula siku mbili mfululizo nione utaenda wapi. Hukuenda popote. Ulilala tu, mkono wako umeufunga kitambaa, umeuweka juu ya mto.

Kisha ikafika Jumamosi. Wewe ulikuwa umeenda kwa susu. Nimefua, nimeanika, nimekaa kwa kigoda na beseni la kunde, jua limewaka vizuri. Nikainua macho kuona kama nguo zimekauka. Panya alitoka pale chini ya mabati ya ghala, mkubwa, amenona kuliko mtu yeyote wa nyumba hii mwaka ule, akashika waya. Hakukimbia. Alitembea. Alipita juu ya nepi za Mutua, akapita juu ya sare yako ya shule, mkia unasawazisha huku na huku, na mdomoni alikuwa amebeba mbegu ya malenge. Akafika juu ya dirisha lako akaingia ndani. Baadaye kidogo akatoka, akarudi ghalani. Nilimwona mara nne. Kunde zilikuwa zimemwagika zote miguuni pangu.

Nilichukua ngazi nikapasua lile gunia la dari. Ndani mlikuwa na mbegu, maganda, vipande vya viazi, na kiota. Kiota kilikuwa cha nyasi na nyuzi, na nyuzi nyingine zilikuwa nyeupe, zina madoa ya kahawia. Nilizitambua. Zilikuwa za vitambaa vya kidonda chako, vile nilivyokuwa natupa nyuma ya nyumba. Watoto wao walikuwa wamelala humo, wekundu, hawajafungua macho. Nikawamwagia maji ya moto. Nikabeba kiota nikakitia jikoni, nikasimama mpaka kikawa majivu. Nikafagia chini ya kitanda chako. Nikashona gunia. Nikaufungua waya, nikachimbia miti miwili upande wa zizi nikaufunga huko, kwenye kivuli.

Ulirudi jioni ukaona. Ukaniuliza, "Mama, mbona waya umehamishwa?"

Nikasema, "Jua la huku linapausha nguo."

Ukasema haya. Nikakupa uji, na wewe ukaushika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa rahisi, watu wawili, mlango umefungwa. Nilifungua mdomo, na kilichonijia ni uso wa Mama Kioko, na mwalimu, na wale wanawake kwenye majani. Nilifikiri hivi: kama mtoto ni mwizi, mimi ni mama mkali, na watu wanaheshimu mama mkali. Kama mtoto si mwizi, mimi ni nani? Sikutaka kumjua huyo mtu. Kwa hivyo nikakuacha wewe uwe mwizi.

Unafikiri baada ya hapo nilikuhurumia? Ndivyo mtu angetarajia. Hapana. Nilikuchukia. Kila ukinyoosha mkono kuchukua ugali niliviona vile vidole, na nilitaka uvifiche. Kikombe kilikuponyoka siku moja nikakuambia mikono ya mwizi haishiki. Nilijua, na nikasema. Mutua aliiba mandazi mbele yangu, nikacheka, na wewe ulikuwa umekaa pale pale unaangalia. Penseli ya mtoto wa watu ikapotea shuleni, mwalimu akakuchapa, kisha akaniita akaniuliza, nami nikamjibu kwamba nyumbani pia tunapambana. Haya yote niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu, na Jumapili ninaimba.

Na ile Krismasi ya Syokau unaikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Leso yake mpya haionekani, akasimama katikati ya nyumba akasema, "Muulizeni huyo." Ulitoa nguo zako zote kwenye sanduku moja moja mbele ya wageni, bila kuambiwa. Nilisimama nikaangalia. Mwezi uliofuata Syokau alituma habari kwamba leso ilikuwa chini ya begi lake mwenyewe, na kwamba tusiifanye kuwa hadithi. Nilikunja ile habari nikaiweka. Hujawahi kuisikia mpaka leo hii.

Wiki jana ulienda kujaribiwa kwa cherehani kule kiwandani. Kwa miezi mingi kabla ya hapo ulikuwa umejifundisha kwa fundi wa sokoni kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto na kukibana kwa kidole gumba cha kulia, na ukapita. Ulikuja unacheka. Ukaniambia msimamizi aliuliza kuhusu mkono. "Nikamwambia uji, mama." Ukanipigia jicho, kama watu wawili wenye siri yao nzuri. Nilicheka nawe. Nilienda chooni nikakaa humo mpaka ukaniita.

Sasa unasikia kwa nini sikuandika mambo ya sweta.

Sina mengi ya kukufundisha. Kama kuna kitu nilichopata katika uovu huu ni hiki. Kule unakokwenda kitu cha mtu kitapotea. Mkasi, simu, mkoba wa mtu, sijui. Na watu watakugeukia wewe kwanza, kwa sababu Syokau ana mdomo, na mdomo huo niliulisha mimi. Watakuzunguka, watapiga kelele, na utajisikia kusema lolote ili waondoke. Usiseme ni wewe. Hata kama unataka kulala. Hata kama wanakuahidi kwamba ukikubali yameisha. Kwangu ulikubali, na unaona kama yaliisha.

Na siku utakapokuwa na mtoto, au mfanyakazi, au mtu yeyote aliye chini ya mkono wako, na kitu kikapungua ndani ya nyumba yako, uinuke kwanza uangalie nyumba. Angalia juu, angalia nyuma ya rafu, okota lile ganda. Mimi nilikuwa na ushahidi wote mkononi, na ulikuwa wa kweli, maganda yalikuwa maganda na shimo lilikuwa shimo. Nilichoongeza ni wewe.

Usiniulize kama nilikuomba radhi kwa hii barua. Nimeiangalia toka mwanzo na sijaona mahali nilipoomba. Nikiomba, utanisamehe kesho asubuhi kabla hujapiga mswaki, nakujua, utasema pole wewe. Sitaki. Kaa na hasira kwanza, ni yako, nilikunyang'anya. Ukae nayo mwaka, ukae nayo maisha. Ukiona hutaki kurudi hapa, usirudi. Nitawaambia watu ukweli wa kwa nini hurudi, au nitajaribu.

Hapo kwa kujaribu ndipo penye kazi. Kesho Syokau atafika baada ya ibada. Baba yako atakuwepo, susu atakuja, na Mama Kioko hawezi kukosa mahali penye chapati. Nimepanga kusema mbele yao wote kabla chai haijamiminwa. Nimeshajipangia maneno. Lakini mimi najijua. Nilipanga kusema siku ya kipaimara chako. Nilipanga kusema baba yako alipolazwa. Nilipanga juzi, na nikaenda kutafuta kuni. Nikifika pale mdomo huu unaoogopwa na soko zima unafunga.

Kwa hivyo ukirudi na hizo nywele nitakupa barua hii mkononi. Isome usiku au isome alfajiri, shauri yako. Kesho ukae nayo. Chai ikimiminwa na mimi bado naongea habari za sukari na maziwa, simama uifungue uisome kwa sauti, yote, mbele ya Syokau. Usiruke mahali pa makaa. Usiruke mahali nilipomfunga Mutua mgongoni. Usinionee huruma ukibadilisha neno. Mwandiko wangu baba yako anaujua, hatauliza.

Inawezekana nitakana. Nimekana miaka kumi na miwili, siku moja zaidi haitanishinda. Inawezekana nitakuambia ukae chini, kwa ile sauti unayoijua, na miguu yako itataka kukaa yenyewe. Inawezekana nitawaambia kwamba umeandika haya mwenyewe, kwamba hivyo ndivyo ulivyo tangu utotoni.

Nikisema hivyo, Mumbua, endelea kusoma.

Mama yako,
Nduku